Nani Anamtunza Mgonjwa wa Mafigo Nyumbani?

Mama, siku ya kupima watoto unasikia habari nyingi pale kwenye viti vya kilinike. Pengine umesikia na hii: "Ndugu yetu aliyetoka Nyarugusu akaenda Marekani, mafigo yake yamekufa, lakini halali hospitalini. Anasafisha damu yake mwenyewe, usiku, chumbani mwake." Wengine wanacheka, wanasema ni uongo. Si uongo. Wengine wanauliza: "Basi kwa nini asitutumie mashine hiyo huku Baraka, ipite Kigoma, ivuke ziwa, na mzee wetu anayevimba miguu apate kupona?"

Swali hilo ni zuri, na tumeandika karatasi hii kwa ajili yake. Tutakuonyesha mashine yenyewe ni kitu gani, na ni watu gani wanaosimama nyuma yake. Kisha tutasema juu yetu sisi wa Fizi na Baraka, maana kazi hii ya kusafisha damu nyumbani haijafika kwetu, lakini mafigo yanaugua hapa kama kwingine.

MAFIGO YANAFANYA KAZI GANI?

Mafigo ni mawili, kila moja ukubwa wa ngumi, yamelala huku na huku ya uti wa mgongo, chini ya mbavu. Umekwisha kuyaona ya mbuzi siku ya kuchinja. Kazi yake ni kuchuja damu, mchana na usiku bila kupumzika. Kwa siku moja mafigo ya mtu mzima yanachuja karibu lita 180, ni kusema bidoni 9 za lita 20. Wewe unayepanda kutoka ziwani na bidoni moja kichwani, pima mwenyewe kazi hiyo! Karibu maji yote yanarudishwa katika damu. Lita moja ao mbili tu inatoka kama mkojo, pamoja na takataka za mwili.

Mafigo yakishindwa, takataka zinabaki. Maji nayo yanabaki, uso unavimba asubuhi, miguu inavimba jioni, pumzi inakuwa fupi mtu akilala chali. Mgonjwa anatapika, ngozi inamwasha, akili inapotea kidogo kidogo. Katika damu kuna pia kitu kinachoitwa potasiamu, kinatoka katika chakula. Kikizidi, moyo unaweza kusimama ghafula.

YAMELALA AO YAMEKUFA?

Hapa usome polepole, mama, sababu jambo hili limeokoa watu, tena kwa kutolijua jamaa nyingi zimeuza shamba lote.

Mafigo yanashindwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya ghafula. Mtoto ameharisha siku mbili na kukauka, ao amepata malaria kali na mkojo umekuwa mweusi kama kahawa, ao mama amemwaga damu nyingi katika kuzaa. Mafigo yanasimama kazi. Tunaweza kusema yamelala. Sababu ikitibiwa upesi, mara nyingi yanaamka tena, baada ya siku chache ao majuma machache. Mgonjwa wa namna hiyo, hata akihitaji kusafishwa damu, ni kwa muda tu.

Njia ya pili inakuja polepole, kwa miaka. Sukari katika damu, ao mkazo wa damu kupanda, unayaharibu mafigo bila maumivu. Siku mtu anapoanza kuvimba na kutapika, yamekwisha kukauka. Hayo yamekufa, hayaamki. Mtu huyo anahitaji kusafishwa damu maisha yake yote, ao apewe figo la mtu mwingine.

Mashine yenyewe ilifaa kwanza kwa hao wa njia ya kwanza. Munganga mmoja wa Uholanzi, Willem Kolff, aliitengeneza wakati wa vita kuu, mwaka 1943, katika mji wa Kampen. Alipitisha damu ndani ya ngozi nyembamba ya namna ile wanayofungia soseji. Karibu wagonjwa wote wa kwanza walikufa. Mwaka 1945 mama mmoja mwenye miaka 67, aliyekuwa hajitambui, aliamka na kusema. Mafigo yake yalikuwa yamelala tu. Yaliamka, naye akaishi miaka mingine bila mashine.

KUSAFISHA DAMU NI NAMNA GANI?

Kazi hii inaitwa dialisi, nayo iko ya namna mbili. Kwa namna moja damu inatoka mwilini kwa mpira, inapita katika mashine yenye kichujio, inarudi. Kila mara inachukua karibu saa nne, mara tatu kwa juma. Inataka umeme usiokatika, na maji safi sana, zaidi ya lita 100 kila mara, yaliyochujwa mpaka hayana hata chumvi ya udongo. Maji ya bomba hayatoshi, hata ukiyachemsha.

Namna ya pili haitoi damu nje. Ndani ya tumbo la kila mtu kuna ngozi nyembamba inayofunika matumbo, nayo ina mishipa mingi midogo ya damu. Waganga wanatia mpira laini tumboni, chini ya kitovu, ubaki pale. Kwa mpira huo mgonjwa anaingiza lita 2 hivi za maji ya dawa yenye glukozi na chumvi zilizopimwa. Maji yanakaa tumboni saa nne mpaka sita, yanavuta takataka kutoka katika damu, kisha anayatoa na kuingiza mapya. Anafanya hivyo karibu mara nne kwa siku. Wengine wana mashine ndogo inayofanya kazi hiyo usiku wamelala. Huyo ndugu wa Marekani uliyesikia habari zake, labda anatumia namna hiyo.

Fundi Popovich na munganga Moncrief walionyesha njia hiyo huko Texas mwaka 1976, na baadaye munganga Oreopoulos wa Toronto, Kanada, akaanza kutumia mifuko ya plastiki badala ya chupa. Tangu hapo mtu aliweza kutembea na maji tumboni, akaenda kazini, akapika, akalea watoto.

WATU WA NYUMA YA MASHINE

Kabla ya hapo kulikuwa na habari moja ya mwaka 1964, katika mji wa Seattle, Marekani. Msichana mmoja, bado hajafika miaka 18, mafigo yake yalikufa. Mashine za hospitali zilikuwa chache, na baraza lililochagua wagonjwa halikumkubali kwa sababu ya umri wake. Ndipo munganga Scribner na mafundi wa chuo kikuu wakatengeneza mashine ndogo ya kuweka nyumbani. Nani aliiendesha? Mama yake. Alifundishwa, akajifunza, akafanya. Hakuwa munganga. Lakini tazama vizuri: nyuma ya mama huyo walisimama waganga, wauguzi na mafundi, naye aliweza kuwaita. Hilo ndilo tunaloliita ekipe.

Kwetu tunamwita kila mwenye koti jeupe munganga, lakini katika ekipe ya dialisi ya nyumbani kila mtu ana kazi yake. Daktari wa mafigo anasema ni maji gani, mara ngapi, na dawa gani ziongezwe. Mpasuaji anatia mpira tumboni. Mtu wa laboratwari anapima damu kila mwezi hivi. Yuko anayehesabu chakula. Yuko mtu wa mambo ya jamii, anayeuliza kama kodi imelipwa, kama bwana bado yuko kazini, kama watoto wanasoma. Usidharau kazi ya huyu wa mwisho. Mgonjwa asiye na mlango wa kufunga ao mwenye wasiwasi wa kufukuzwa nyumbani hawezi kutunza mpira wake.

Tena yuko anayeleta maji. Lita 8 kwa siku ni lita 240 kwa mwezi, ni kusema bidoni 12, zote katika mifuko iliyofungwa na kutiwa katika maboksi. Katika Thailand, serikali ilipoamua mwaka 2008 kwamba wagonjwa maskini wa mafigo waanze kwa njia ya tumbo, mifuko ilipelekwa na posta mpaka vijijini, na watu wa kujitolea wa afya, sawasawa na relais wetu wa kijiji, walisaidia kuwatembelea nyumbani. Wakulima wa mpunga walijibadilishia maji chini ya paa la nyumba zao. Kwa hiyo usifikiri ni kazi ya matajiri wa miji tu. Inataka mpango na mtu wa kufika.

Lakini nguzo ya ekipe ni mwuguzi. Kabla ya siku ya kwanza anakwenda kuona nyumba. Anatazama: maji ya kunawa yako wapi, mwanga unatosha, kuku na mbuzi wanaingia chumbani, mifuko itawekwa wapi isilowe wala isiliwe na panya. Kisha anamfundisha mgonjwa na mtu mmoja wa nyumbani kwa siku nyingi, pengine juma zima ao mawili. Wanafanya mazoezi juu ya tumbo la bandia mpaka mikono imezoea. Hawapewi ruhusa ya kufanya peke yao mpaka mwuguzi ameona wanafanya bila kukosa. Na wanapewa namba ya simu ya kuita mchana na usiku. Hiyo namba ina thamani kama mifuko yenyewe.

SIKU MOJA YA MGONJWA

Asubuhi anapanda mizani na kuandika uzito katika daftari. Anapima mkazo wa damu, anaandika. Uzito ukiongezeka kilo mbili kwa siku mbili, si mafuta hayo, ni maji, inafaa kuita mwuguzi.

Kisha anafunga mlango na dirisha, anazima feni, anatoa paka na watoto wadogo. Anavaa kitambaa mdomoni. Ananawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, vidole kwa vidole, kucha kwa kucha, anakausha kwa kitambaa safi. Hapo tu anaufungua mpira. Usaha wa tumbo unaingia kwa mlango huo mdogo, kwa mkono mmoja uliogusa mahali pasipofaa.

Maji yaliyotoka anayatazama. Mazuri ni manjano meupe, kama chai isiyo na majani mengi, tena yanaonyesha. Wauguzi wana akili moja nzuri: weka mfuko juu ya gazeti. Ukiweza kusoma herufi kupitia maji, sawa. Maji yakiwa kama ya kuoshea mchele na herufi hazisomeki, ni hatari, hata kama tumbo haliumi bado. Hapo hangojei kesho. Anaita simu, anakwenda hospitali na mfuko ule ule mkononi.

Juu ya chakula, watu wanakosea sana, sababu anachokatazwa mgonjwa mmoja, mwingine anaamriwa ale. Mwenye mashine ya damu anaambiwa apunguze ndizi, avoka na maharagi, na sombe ichemshwe vizuri, maji yamwagwe kabla ya kutia mawese, kwa sababu ya ile potasiamu. Mwenye maji ya tumbo anapoteza nyama ya mwili katika kila mfuko, basi anaambiwa ale samaki na mayai zaidi. Wote wawili wanakatazwa chumvi nyingi, na samaki wa chumvi ndiye adui wa kwanza. Usichukue shauri la mgonjwa wa jirani ukampa wa kwako.

Na mtu wa nyumbani? Mara nyingi ni mke, binti ao dada. Yeye ndiye anayepika bila chumvi huku wengine wananung'unika, anayeamka usiku mashine ikilia, anayehesabu maboksi. Ekipe nzuri inamwuliza yeye pia: "Wewe mama, unalala?" Mwuguzi asiyeuliza hivyo anafanya nusu ya kazi. Mtu akichoka, anaacha kunawa vizuri, na ugonjwa unaingia.

BASI MASHINE IKIVUKA ZIWA?

Sasa unaona jibu la swali lile la kwanza. Boksi la maji linaweza kuvuka kutoka Kigoma. Lakini nani atatia mpira tumboni? Nani atapima damu ya mwezi? Maji yakigeuka kama ya mchele usiku, na mvua imekata barabara ya Mboko ao vita imeifunga, mgonjwa atamwita nani? Mfuko bila ekipe unaua upesi kuliko mafigo yenyewe. Wala usikubali mtu akuambie maji ya serumu ya duka la dawa ni sawa. Hospitali nyingine zinajua kuyageuza maji ya serumu kuwa maji ya tumbo kwa mgonjwa wa ghafula, lakini ni kazi ya waliofundishwa, kwa kipimo na kwa usafi wa chumba cha upasuaji.

Kazi hiyo inawezekana karibu nasi. Huko Moshi, Tanzania, hospitali ya KCMC ilianza mwaka 2009 kusafisha kwa njia ya tumbo watu ambao mafigo yao yalilala ghafula. Ni hospitalini, si nyumbani, tena ni kwa siku chache tu. Wauguzi wa watu kama sisi walifundishwa, wakaweza. Sisi tunaofanya kazi za hospitali tunasema wazi: kama siku moja dialisi itaanza katika upande wetu wa ziwa, inafaa ianze hivyo, kwa watoto na wazazi ambao mafigo yao yanaweza kuamka.

EKIPE YAKO WEWE, HAPA

Hata bila mashine, uko na ekipe. Relais wa kijiji, mwuguzi wa santre, hospitali ya Fizi, ya Nundu ao ya Baraka, na wewe mwenyewe. Katika hao wote, wewe ndiwe unayeona mkojo. Munganga hauoni mpaka umemwambia.

Mtoto akiharisha, tazama kitambaa chake. Tangu asubuhi mpaka adhuhuri hakijalowa? Usingoje. Endelea kumnyonyesha, mpe maji ya SRO, pakiti moja katika lita moja ya maji safi, kwa kijiko, kidogo kidogo, huku unakwenda naye santre. Huna pakiti? Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kolera inajulikana sana katika mwambao wetu, nayo inakausha mtoto ao mtu mzima kwa saa chache. Anayekauka, mafigo yake yanalala.

Mtoto mwenye homa na mkojo mweusi ao mwekundu apelekwe hospitali siku ile ile. Usimtie dawa ya majani kwa njia ya nyuma. Tunajua bibi zetu wanaipenda dawa hiyo, nasi tunawaheshimu, lakini majani mengine yanayaua mafigo ya mtoto katika siku chache. Vilevile vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, vinavyouzwa sokoni kimoja kimoja, havifai kwa mtu aliyekauka, wala kwa mwenye mimba, wala kwa mwenye ugonjwa wa mafigo.

Ukiwa na mimba, usikose siku za kupima, hata kama hii ni ya saba na zote zilikwenda vizuri. Kile kitambaa wanachokufunga mkononi, na ule mkojo wanaokuomba katika kikombe, ni kwa ajili ya mafigo yako pia. Uso ukivimba, kichwa kikiuma sana, macho yakiona nyota, ao maumivu yakishika juu ya tumbo, njoo hata kama siku yako haijafika, hata usiku.

Na kama tayari kuna mtu nyumbani aliyeambiwa mafigo yameharibika, kabla ya kuuza ng'ombe ao shamba ili kumpeleka mji mkubwa, keti na munganga umwulize bila haya: Mafigo haya yamelala ao yamekufa? Mkimtuma, atasafishwa mara ngapi, na kwa muda gani? Kila mara ni bei gani, na pamoja na nyumba ya kulala na chakula cha anayemlinda? Fedha zikiisha katikati, itakuwaje? Pengine jibu litakuwa "pelekeni leo, ataamka." Pengine litakuwa zito. Kwa mgonjwa wa jibu zito ziko bado dawa za mkazo, za kuvimba, za kutapika na za maumivu, naye anastahili kutunzwa nyumbani bila kufichwa, karibu na watu wake.

Ukija naye kwetu, leta daftari ulimoandika uzito na siku za kuvimba, leta dawa zote alizokunywa, hata majani, hata zile unazoona haya kuzionyesha, na mkojo wake wa asubuhi katika chupa iliyooshwa vizuri.